Uvimbe Juu ya Figo: Kweli au Si Kweli?

"Tezi ya adrenali ni sehemu ya figo."
Si kweli. Mchinja mbuzi wa Matambarale, wilayani Ruangwa, akipekua taratibu mafuta yanayofunika figo, atakuta kinofu kidogo kimejibanza pembeni. Ndiyo hiyo. Binadamu anazo mbili, moja juu ya kila figo, gramu 4 au 5 hivi kila moja. Figo huchuja damu. Tezi hutengeneza homoni. Hata wataalamu walichanganya: mwaka 1883 Mjerumani Paul Grawitz alidai saratani ya figo huota kutoka masalia ya tezi hii, na jina la hipanefroma lililotokana na dai hilo likang'ang'ania vitabuni kwa miongo mingi.

"Mgonjwa wa saratani ya figo akikutwa na uvimbe kwenye tezi, saratani imesambaa."
Si lazima. Kusambaa kupo. Lakini pia kuna vivimbe visivyo na madhara, kuna kifua kikuu, ambacho huweza kuvamia tezi hizi, na kuna uvimbe unaomwaga homoni. Zipo familia zinazorithi vyote viwili, saratani ya figo na uvimbe huo, kwa hitilafu ya jeni ya VHL iliyotambuliwa mwaka 1993. Kwa hiyo daktari akikuuliza nani kwenu aliugua figo akiwa kijana, usimwone mmbea.

"Kichwa kinagonga, jasho linamwagika, moyo unakwenda mbio, amepauka, mara katulia: huyo kashikwa na jini."
Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Uvimbe uitwao feokromositoma humwaga adrenalini na jamaa zake kwa vipindi. Presha hupaa, kisha hushuka. Mgonjwa anapofikishwa zahanati kwa bodaboda, kipimo kinasoma sawa, na familia inarudi kwa mganga ikiwa na ushahidi mkononi. Ugonjwa wenyewe ni adimu. Malaria, sukari kushuka au hofu huleta hali kama hiyo mara nyingi zaidi. Sina ugomvi na ngoma za mganga. Ninachotaka ni mtu apime presha wakati ngoma inalia.

"Uvimbe ukionekana, uchomwe sindano upesi, kipande kikapimwe."
Si kweli, na inaweza kuua. Kwanza damu ipimwe metanefrini (mabaki ya homoni hizo), au mkojo uliokusanywa kwa saa 24. Uvimbe wa feokromositoma ukiguswa kabla ya kipimo hicho, au mgonjwa akilazwa usingizi wa operesheni ya figo bila mtu kujua anao, homoni zinaweza kufumuka na presha ikapaa kupita kiasi. Ukijulikana, mgonjwa huandaliwa kwa dawa za kulegeza mishipa, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ikitangulia peke yake inaweza kuipandisha presha badala ya kuituliza.

"Tezi moja ikitolewa, mtu hana maisha."
Si kweli, iliyobaki hutosha. Ila kama iliyotolewa ilikuwa ikimwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi, iliyobaki huwa imelala, na vidonge vya steroidi vitahitajika kwa miezi. Kuviacha ghafla ni hatari.

Anayetoka Ruangwa kwa rufaa kwenda hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au Muhimbili jijini Dar es Salaam, abebe picha za skani pamoja na daftari la presha lenye saa ya kila shambulio.