Herufi Zisizoonekana, kutoka Mizani ya Majani Chai hadi Nenosiri

Mkulima wa Litein au Mogogosiek, nchini Kenya, anapopima majani mabichi ya chai kituoni, mizani ya kielektroniki husoma kilo na printa ndogo humtolea risiti. Kinachopita kati ya vifaa hivyo si tarakimu tupu. Zimo pia herufi dhibiti, ambazo hazichapwi bali hutiiwa.

Jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963 na kurekebishwa 1967, lina herufi dhibiti 33: namba 0 hadi 31, na 127. Namba 7 hupiga kengele, 10 hushuka mstari, 13 hurudi mwanzo wa mstari. Namba 27, Eskepu, hutangaza kwamba herufi zinazofuata ni amri. Kwenye printa nyingi za risiti, 27 ikifuatwa na @ hufuta mipangilio yote iliyotangulia. Lengo ni mkulima anayefuata asipate risiti yenye sura ya mwenzake.

Skripti za kuingia kwenye mfumo, yaani faili zinazoendeshwa mtumiaji akishatoa jina na nenosiri, hutumia herufi hizo hizo. Katika kompyuta ya Linux, Eskepu na [2J husafisha skrini, Eskepu na [31m hufanya onyo liwe jekundu. Asiyefunga kwa [0m atafanya kazi kwa maandishi mekundu hadi jioni.

Kibodi nayo huamuru. Ctrl na C hutuma namba 3, inayokatiza skripti. Ikiwa skripti ndiyo iliyomfungia karani wa kituo kwenye menyu ya kupima na haikujikinga na amri hiyo, karani anaweza kujikuta amevuka mpaka wake. Ctrl na S (19) huduwaza skrini mpaka Ctrl na Q (17) zibonyezwe. Wasiojua huzima mashine nzima wakidhani imekufa.

Lakini msumbufu mkuu ni 13. Windows humaliza mstari kwa 13 na 10, Linux kwa 10 pekee. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows ikihamishiwa Linux, mstari wake wa kwanza, #!/bin/sh, unaotaja programu ya kuiendesha, huja na mkia wa 13. Mfumo hutafuta programu yenye mkia huo, kisha hulalamika kuwa haipo, ilhali sh ipo palepale. Mizani nyingi pia hufunga usomaji kwa jozi ya 13 na 10. Programu inayoondoa 10 tu hubaki na usomaji kama 24.5 wenye mkia, na huenda ikakataa kwamba hiyo ni namba. Amri tr -d '\r' huondoa mkia huo kwenye faili.