Rangi za Vielelezo Zisipuuzwe na Wasomi Wetu

Miongoni mwa mambo yanayowakwaza watafiti wetu chipukizi, lipo moja ambalo aghalabu halitajwi katika semina wala katika mihadhara ya mbinu za utafiti. Mtahiniwa wa uzamifu hutaabika miaka mingi akikusanya data, akaichanganua na kuandika makala ya kuridhisha, kisha mhariri wa jarida akairejesha. Hoja zake hazikutiwa dosari yoyote. Ila ramani imefifia, herufi za grafu hazisomeki, na rangi hazifai kupigwa chapa. Kwa kuwa vyuo vingi siku hizi humtaka mtahiniwa awe amechapisha makala kabla ya kufuzu, ucheleweshaji huo waweza kumgharimu karo ya mwaka mwingine mzima.

Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba hiyo ni kazi ya fundi wa kompyuta. Sikubaliani nao. Kielelezo ni sehemu ya hoja, na asiyejua namna rangi zinavyofanya kazi hawezi kujua kielelezo chake kinasema nini.

Chanzo cha matatizo mengi ni tofauti baina ya skrini na karatasi. Skrini hutoa nuru. Huunda rangi zake zote kwa nuru tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, mfumo unaofahamika kwa herufi RGB. Nuru hizo zikijumuishwa kwa ukamilifu, jicho huona weupe. Karatasi nayo haina nuru yake yenyewe. Wino hufyonza sehemu ya mwanga unaoiangukia na kuiacha sehemu nyingine irejee machoni, hivyo kadiri wino unavyozidi ndivyo giza linavyozidi. Mpiga chapa kwa sababu hiyo hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta ambayo ni wekundu ulioelekea zambarau, manjano na mweusi. Huo ndio mfumo wa CMYK. Zipo rangi za skrini ambazo wino hauziwezi kabisa. Buluu inayong'aa hugeuka zambarau iliyopooza, na kijani inayometameta hufubaa. Mpiga chapa wa kadi za harusi kule River Road, Nairobi, analielewa jambo hili kuliko wengi wetu wenye shahada tatu.

Yapo majarida yanayodai faili za CMYK, na mengine hutaka RGB ili yafanye ubadilishaji yenyewe. Maagizo kwa waandishi husema wazi, lau yangesomwa.

Kuhusu ukali wa picha, kipimo cha kawaida ni nukta 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa sentimita 8.5, ambao ni takriban safu moja ya jarida, huhitaji pikseli zipatazo 1,000 kwa upana. Picha ndogo iliyonakiliwa kutoka kwenye skrini haiwi kali kwa kuiandikia namba 300, kwani taarifa isiyokuwemo haizaliwi na namba. Michoro ya mistari na maandishi ni bora ihifadhiwe katika muundo wa vekta, kama vile EPS au PDF, unaokubali kukuzwa bila kupoteza ukali. Faili za JPEG hutupa sehemu ya taarifa na kuacha ukungu kandokando ya herufi. TIFF huhifadhiwa bila hasara hiyo.

Tuchukue mfano wa taaluma yangu. Mwanafunzi anachora ramani ya lahaja za Kiswahili za pwani ya Kenya. Kimvita anakipa nyekundu, Kiamu kijani, Chifundi hudhurungi. Kwenye skrini ramani inapendeza. Jarida hilo, kama mengi mengine, hutoza ada kwa kurasa za rangi, kwa hivyo toleo la karatasi linachapishwa kwa weusi na weupe. Nyekundu na kijani zenye mng'ao sawa zinageuka kijivu kimoja, na msomaji anabaki akidhani Mombasa na Lamu husema lahaja moja! Mistari mishazari, nukta na vivuli vinavyotofautiana kwa wazi vingaliitimiza kazi hiyo pasi na gharama.

Isitoshe, wapo wasomaji ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, hao hukadiriwa kuwa takriban 8 kati ya kila 100, na wahariri na wahakiki wengi ni wa asili hiyo. Majenta na kijani huwafaa zaidi.

Kuna pia mazoea ya kupaka data rangi zote za upinde wa mvua. Manjano, ambayo huwa katikati ya mpangilio huo, ndiyo ing'aayo mno, hivyo jicho huvutwa na thamani za wastani badala ya zile za juu. Programu ya MATLAB iliuacha mpangilio wa namna hiyo kama chaguo lake la kawaida mwaka 2014, na Matplotlib ikafuata mwaka 2017 kwa kutumia viridis, ambayo mwangaza wake hupanda hatua kwa hatua. Wanafonetiki hawakuhitaji kungoja. Spektogramu za programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, huwa za kijivu: penye nguvu nyingi ya sauti pana weusi zaidi, basi.

Kiswahili chenyewe kina la kutufunza hapa. Vivumishi vyake asilia vya rangi ni vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu, navyo hupatana na ngeli. Zilizosalia tumeziazima kutoka kwa vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, manjano kutokana na kiungo, zambarau kutokana na tunda. Brent Berlin na Paul Kay walikihusisha Kiswahili katika utafiti wao wa mwaka 1969 kuhusu majina ya rangi. Mwandishi anayeandika chini ya grafu "tazama mstari wa samawati" asahau kwamba msomaji mmoja atauita buluu na mwingine hatauona kabisa? Jina la kila mstari na liandikwe kando ya mstari wenyewe.

Haya yote yangeenea katika saa mbili za kozi ya mbinu za utafiti, ambayo tayari ina nafasi ya kufundisha namna ya kupanga marejeleo hadi nukta ya mwisho. Vifaa havihitajiki zaidi ya faili moja ya mwanafunzi, rula ya kupimia upana wa safu, na ile printa ya idara isiyo na wino wa rangi.