Nasaba ya John Rowlands: hati za ofisi na ukoo wa mafukara

Katika mapokeo ya Waswahili, nasaba ni maneno ya kutamkwa. Mtu akiulizwa u nani, hujibu kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na kila *bin* ni ngazi moja ya kupandia. Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi, tuliyemzoea kwa lakabu yake ya Tippu Tip, aliweza kuzipanda ngazi hizo bila kufungua daftari lolote. Mwaka 1887, mjini Zanzibar, alitia mkataba uliomfanya wali wa maporomoko yetu kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Aliyemletea mkataba huo hakuwa na ngazi hata moja ya hakika upande wa baba. Huyo ni Henry Morton Stanley, ambaye mji wetu ulibeba jina lake mpaka mwaka 1966.

Makala haya hayakusudii kusimulia tena safari za Stanley, wala kumsifu au kumlaani. Kazi zote mbili zimekwisha kufanywa na wengi. Tunakusudia kueleza jambo dogo zaidi, lakini lenye faida kwa mwanafunzi anayetaka kutafiti ukoo wake mwenyewe hapa Tshopo: namna ukoo wa watu maskini unavyoweza kufuatiliwa katika hati za ofisi, na mahali ambapo hati hizo hupotosha. Ukoo wa Stanley unafaa kwa somo hilo, kwa sababu mwenyewe aliandika habari zake, na madaftari nayo yakaandika habari zake, na pande hizo mbili hazipatani.

Yafaa kwanza kujua hati zenyewe. Katika Uingereza na Wales, makanisa yaliamriwa kuweka madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa mkono wake mwenyewe tarehe 1 Julai 1837. Sensa ilikuwa ikifanywa kila baada ya miaka kumi, na ile ya 1851 iliuliza jina, umri, kazi, mahali pa kuzaliwa, na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Juu ya hayo ziko hati za nyumba za maskini, zilizoenea baada ya sheria ya 1834, ambayo iliziunganisha parokia katika miungano na kuutaka kila muungano uwe na nyumba ya kuwatia wasiojiweza, wapewe chakula na malazi kwa masharti makali. Tajiri huandikwa anaponunua, anaporithi na anapooa. Fukara huandikwa anapomgharimu mtu. Asiyeishika tofauti hiyo atazisoma hati za maskini kana kwamba maisha yao yote yalikuwa kizaazaa, kumbe ni siku za kizaazaa tu zilizopata karani wa kuziandika.

Tuanze na ubatizo. Daftari la parokia ya Denbigh, kaskazini mwa Wales, linaonyesha kwamba tarehe 19 Februari 1841 alibatizwa mtoto John, aliyezaliwa tarehe 28 Januari mwaka huohuo. Mama ni Elizabeth Parry; baba anatajwa kuwa John Rowland wa Llys, Llanrhaeadr. Kisha limewekwa neno moja zito: mwanaharamu. Katika mstari mmoja tunapata tarehe mbili, majina matatu, mahali, na hukumu. Lakini hata hapo pana shaka. Uvumi wa mjini ulimtaja mtu mwingine kuwa ndiye baba, mwanasheria James Vaughan Horne, na waandishi wa wasifu wa Stanley wameendelea kubishana. Daftari halithibitishi kwamba John Rowland ndiye aliyemzaa mtoto. Linathibitisha tu kwamba jina hilo ndilo lililotajwa mbele ya kasisi, naye akaliandika. Mtafiti mwenye pupa huruka hatua hiyo.

Hapa mwanaisimu ana la kuongeza. Wawelisi wa zamani walijitambulisha kwa namna isiyo mbali na yetu: neno lao *ap* lina maana ya ‘mwana wa’, kama *bin*. Makarani wa Kiingereza walipolazimisha majina ya ukoo yasiyobadilika, *ap* liligandamana na jina lililofuata. *Ap Harri* likawa Parry, na *ap Rhys* likawa Price. Basi Parry ni jina la mama yake Stanley, na Price ni jina la jamaa waliopewa mtoto huyo wamlee baada ya babu yake kufariki. Majina yote mawili ni nasaba zilizokufa zikiwa ndani ya tahajia. Msomaji wa daftari asiyejua Kiwelisi haoni kitu.

Babu huyo, Moses Parry, alikuwa muuza nyama aliyewahi kuwa na hali nzuri kisha akafilisika. Ndiye aliyemlea John, maana mama alikuwa ameondoka. Alikufa mwaka 1846. Wajomba walilipa kwa muda gharama ya kumtunza mtoto kwa akina Price. Malipo yalipokatika, mtoto alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, mwezi Februari 1847, akiwa na umri wa miaka sita. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, aliambiwa njiani kwamba anapelekwa kwa shangazi. Alikaa humo hadi 1856. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, aliingia humo pia mwanamke mmoja pamoja na watoto wawili, na msimamizi akamwuliza John kama anamjua. Hakumjua. Alikuwa mama yake.

Kisa hicho kimetumiwa mara nyingi kumshutumu Elizabeth Parry, na sisi tunaona shutuma hiyo inahitaji kupunguzwa. Alimzaa John akiwa na umri wa miaka kumi na minane au karibu yake. Sheria ileile ya 1834 ilimtwika mama mzigo wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na ikamfanyia baba wepesi. Ni kuanzia 1844 tu mama alipopata njia ya kumshtaki baba yeye mwenyewe mbele ya mahakimu wa wilaya ili atoe matunzo. Baadaye Elizabeth alizaa watoto wengine, akaolewa na kuitwa Jones, akaendesha kilabu kidogo cha pombe karibu na St Asaph. Mwanawe alipomrudia mwaka 1862, mgonjwa na bila fedha, alimfukuza. Hayo ni ya kweli na hayapendezi. Lakini ni nani aliyeandika upande wa Elizabeth? Aliandikwa na kasisi, na karani wa nyumba ya maskini, na mtoto aliyemwacha. Yeye mwenyewe hana ukurasa.

Sasa tuyatazame maandishi ya Stanley. Tawasifu yake ilichapishwa mwaka 1909, miaka mitano baada ya kifo chake, ikihaririwa na mkewe Dorothy. Humo anasimulia kwamba alimpiga mwalimu mkali wa St Asaph, akaruka ukuta na kutoroka. Hati za nyumba ile hazina kioja hicho. Zinamwonyesha akiondoka kwenda kwa jamaa zake. Anasimulia pia kwamba huko New Orleans, alikofika mwaka 1859, alipokelewa kama mwana na mfanyabiashara Henry Hope Stanley, akapewa jina lake, na kwamba mfadhili huyo alifariki mwaka 1861. Hati za Marekani zinaonyesha kwamba Henry Hope Stanley aliishi hadi mwaka 1878. Mwandishi Tim Jeal, katika wasifu alioutoa mwaka 2007 baada ya kusoma barua na shajara zilizohifadhiwa Tervuren nchini Ubelgiji, aliona kwamba habari ya kufanywa mwana ilikuwa ya kubuni. Jina la Morton lilikuja baadaye, baada ya majaribio mengine kadhaa.

Je, tumwite mwongo tukafunga kitabu? Kwa mtafiti wa nasaba, uongo wa namna hii ni ushahidi wenye thamani. Mtu hazui baba bila sababu. Neno lile moja la daftari la Denbigh ndilo lililozaa baba wa New Orleans.

Mtu huyohuyo alikuwa na mkono mwepesi wa kufuta majina ya wengine. Alipokuwa Unyanyembe mwaka 1871, alipewa na mfanyabiashara Mwarabu kijana mtumwa aitwaye Ndugu Mhali. Jina halikumpendeza, akataka apewe jingine, na kijana akawa Kalulu. Kalulu alifika Uingereza, akasomeshwa huko kwa muda, akarudi na Stanley katika safari iliyopita hapa kwenye maporomoko mapema mwaka 1877, na kufikia mwisho wa Machi mwaka huo alikuwa amezama katika mto wa chini, mahali ambapo Stanley alipaita kwa jina la Kalulu. Kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1878, kina orodha ya wapagazi na askari waliokufa. Wengi wana jina moja tu, bila *bin*. Mjukuu wa mmoja wao, kama yupo leo Zanzibar au Kasongo, ataanza utafiti wake katika mstari mfupi kuliko ule wa Denbigh.

Na sisi hapa? Hati zipo, ijapokuwa zimetawanyika. Misheni ya Mtakatifu Gabrieli ilianzishwa na Padre Gabriel Grison mwaka 1897, na Wabaptisti wa Yakusu walitangulia kidogo. Popote palipobatizwa watu, yafaa kuuliza kama daftari limesalia. Matatizo mawili yanamngoja mwanafunzi. La kwanza ni tahajia. Jina la mto wetu linaandikwa Tshopo, nalo kwa tahajia ya Kiswahili sanifu lingekuwa Chopo. Wavuvi wa maporomoko wanaitwa Wagenia, hali wenyewe hujiita Enya. Ikiwa mto na kabila zima vimepata sura mbili, jina la babu wa mtu mmoja laweza kuwa na sura nne. Inafaa kuzitafuta zote, hasa pale *l* na *r*, au *u* na *ou*, zilipobadilishana chini ya kalamu ya mgeni.

Tatizo la pili ni la mwaka 1972. Siasa ya uhalisia iliwataka wananchi waache majina ya Kikristo. Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko, na padre aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa miaka ya 1950 huweza kuwa na jina moja katika daftari la parokia, jingine katika kitambulisho cha Zaire, na baada ya 1990 akalirudia la kwanza au akayaunganisha yote mawili. Hao si watu watatu. Kabla ya kwenda kwa karani, mwanafunzi akae na wazee wa nyumbani aandike kila jina ambalo marehemu aliwahi kuitwa: na mama yake, na shule, na mwajiri, na majirani, na kando ya kila jina aandike ni nani aliyelitumia na ni mwaka gani. Akifika ofisini na karatasi hiyo, karani atajua aanzie daftari lipi.