Port Louis: Mji Mkuu Mmoja, Jamii Nyingi

Tumezoea kuitazama Bahari ya Hindi kwa upande wetu: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Kilwa. Katika makala hii tunavuka maji hadi Port Louis, mji mkuu wa Morisi, kisiwa kilichoko takriban kilometa 2,000 kutoka pwani ya Afrika. Mji wenyewe una wakazi wapatao 150,000 tu. Hata hivyo, ndani yake wanaishi Wahindu, Wakristo, Waislamu na Wabudha, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, Madagaska, India, China na Ulaya. Je, watu hawa wanaishije pamoja, na ni kitu gani katika mji kinachowakutanisha?

Asili ya mji na watu wake

Morisi haikuwa na wenyeji wa asili. Waholanzi walijaribu kukaa, wakaondoka mwaka 1710. Baadaye walikuja Wafaransa, na kuanzia mwaka 1735 gavana Mahé de La Bourdonnais aliifanya bandari ya Port Louis kuwa makao makuu. Waingereza wakakitwaa kisiwa mwaka 1810. Kwa hiyo kila jamii iliyopo ilifika kwa njia ya bahari, lakini si wote waliofika kwa hiari yao.

Watumwa waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili anunue watumwa huko. Ndiyo kusema kwamba historia ya mji huu ni sehemu ya historia yetu pia.

Utumwa ulikomeshwa tarehe 1 Februari 1835. Wenye mashamba ya miwa walikuwa wameanza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India, na hadi kufikia mwaka 1920 karibu watu nusu milioni walikuwa wamewasili. Wengi walipitia kituo cha bandarini kinachoitwa leo Aapravasi Ghat. Ngazi ya mawe waliyoipanda, yenye vidato 16, ingalipo, na tangu mwaka 2006 kituo hicho kimo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Karibu na hapo, katika jengo lililokuwa hospitali ya kijeshi, kuna makumbusho ya utumwa. Hivyo kumbukumbu za mtumwa na za kibarua zimewekwa jirani.

Mahali pa kukutania

Mahali pa kwanza ni Soko Kuu. Hapo watu wa kila asili hununua mboga, matunda na viungo. Chakula kinachopendwa na wote ni dholl puri, mkate mwembamba kama chapati uliotiwa dengu za njano zilizosagwa, wenye asili ya India. Kiu hukatwa kwa alouda, maziwa baridi yenye mbegu za mrihani, kinywaji kinachofanana na faluda ya kwetu.

Ufukweni kuna Caudan, eneo la maduka, mikahawa na sinema. Treni ya umeme huunganisha mji na Rose Hill tangu mwaka 2020, na Curepipe tangu mwaka 2022. Matibabu katika hospitali za serikali ni bure, na tangu mwaka 2005 wanafunzi na wazee husafiri bure kwa basi.

Uwanja wa Champ de Mars umekuwa na mbio za farasi tangu mwaka 1812. Ni hapo pia bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 12 Machi 1968.

Nyumba za ibada nazo haziko mbalimbali. Msikiti wa Jummah, wa miaka ya 1850, uko kwenye mtaa wa Wachina. Kanisa kuu la Kianglikana lilikuwa ghala la baruti la Wafaransa. Sikukuu za taifa ni pamoja na Noeli, Idd, Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina, kwa hiyo jirani hupumzika kwa sababu ya sikukuu ya jirani yake. Bungeni hutumika Kiingereza, magazeti mengi huandikwa kwa Kifaransa, na mitaani karibu wote huongea Kikreoli.

Amani isiyokuja yenyewe

Tusidhani kwamba mambo yamekuwa shwari siku zote. Januari 1968, wiki chache kabla ya uhuru, Wakreoli na Waislamu walipigana mjini humo. Watu waliuawa, familia nyingi zikahama mitaa ya mchanganyiko, na askari wa Uingereza wakaitwa. Februari 1999 mwanamuziki Mkreoli aitwaye Kaya alifariki akiwa mahabusu, na ghasia zikazuka tena. Wakreoli wengi walikuwa na uchungu wa kuachwa nyuma wakati uchumi ukikua.

Ili kuzuia jamii ndogo zisimezwe, katiba ya uhuru iliongeza bungeni viti visivyozidi 8, juu ya vile 62 vya kuchaguliwa. Viti hivyo walipewa wagombea walioshindwa kwa karibu, kutoka jamii zilizokosa uwakilishi wa kutosha. Wanaouunga mkono utaratibu huo husema huleta utulivu. Wanaoupinga husema huwafanya raia waendelee kuhesabiana kwa asili zao. Sisi tunaona pande zote mbili zina hoja.

Kaburi la wote

Huko Sainte-Croix, kandokando ya mji, amezikwa Mwenyeheri Jacques-Désiré Laval, daktari Mfaransa aliyekuwa padre. Alifika mwaka 1841, akajifunza Kikreoli na kuishi na watumwa walioachwa huru hadi alipofariki tarehe 9 Septemba 1864. Shirika lake, la Roho Mtakatifu, ndilo lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kila Septemba Wakristo, Wahindu na Waislamu hutembea usiku kwenda kaburini pake.

Port Louis inatufundisha kwamba ujirani mwema hujengwa kwa vitu vinavyoonekana: soko, basi, hospitali, sikukuu na lugha ya wote. Jamii moja inapobaguliwa katika hivyo, amani hutikisika. Tuitazame miji yetu kwa jicho hilo.