Haiwaki au haianzi? Vitenzi vya kuokoa data za kompyuta
Kompyuta mpakato, ambayo Wakenya wengi huiita kipakatalishi, imepata jina lake kutokana na kitenzi pakata, yaani kuweka kitu mapajani, aghalabu mtoto. Inapokataa kufanya kazi, mwenyewe huipeleka kwa fundi na kusema, "Imekufa." Kauli hiyo haimwelekezi fundi popote, na yaweza kumgharimu mwenyewe tasnifu au tafsiri ya miezi mingi. Makala haya yanafafanua vitenzi vinavyofaa kutumiwa katika hali hiyo.

Waka na anza. Kompyuta haiwaki pale ambapo hakuna taa, hakuna sauti wala feni haizunguki. Tatizo la kuchunguza kwanza ni umeme: soketi, chaja, betri. Chomoa chaja na vifaa vyote vya nje, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, kisha chomeka chaja na ujaribu tena. Hitilafu ya umeme mara nyingi haigusi diski, hivyo data huweza kuwa salama. Kompyuta inawaka lakini haianzi pale ambapo taa zinaonekana, pengine na nembo ya kampuni, lakini mfumo endeshi haufunguki. Hapo mfumo wenyewe au diski ndivyo vya kutiliwa shaka.

Kumbukumbu na diski. Neno kumbukumbu lina utata. Hutumika kwa kifaa kinachoshika kazi inayoendelea na kupoteza kila kitu umeme ukizimwa, na pia kwa maandishi yaliyotunzwa. Kifaa hicho kikiharibika hubadilishwa, na mafaili hubaki palepale. Ukimaanisha mahali mafaili yanapokaa, sema diski.

Hifadhi, okoa, rejesha. Kuhifadhi ni kutunza kitu kikiwa kizima. Kuokoa ni kukitoa hatarini kitu ambacho bado kipo. Kurejesha ni kukirudisha kilichokwisha kupotea. Vitenzi hivi havibadilishani nafasi, kwa kuwa kila kimoja kina wakati wake. Kompyuta isiyoanza, mara nyingi, ingali katika hatua ya kuokoa, na kuokoa hutangulia kutengeneza. Njia mojawapo ni kuiwasha kwa flashi yenye mfumo wa Linux, kama Ubuntu, kuchagua kuujaribu bila kuusakinisha, kisha kunakili mafaili kwenye diski ya nje. Nyingine ni kuchomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nzima kwa kutumia adapta.

Kuna mipaka. Diski ikitoa sauti ya kugongagonga, zima mara moja: kila jaribio laweza kuongeza uharibifu, na kazi hiyo ni ya mtaalamu wa kurejesha data. Diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki bila ufunguo wa tarakimu 48, ambao huenda umetunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Kwenye MacBook zenye chipu za Apple, hifadhi imeunganishwa na bodi kuu, hivyo haichomolewi kama diski ya kawaida.

Piga Windows. Mafundi wengi wa Tanzania husema "kupiga Windows" kwa maana ya kusakinisha mfumo upya. Muundo huu ni wa kawaida: kupiga pasi, kupiga deki, kupiga rangi. Katika miundo hii nomino ndiyo inayobeba maana, na kitenzi hakisemi lolote kuhusu kilichokuwapo awali. Anayepiga rangi hufunika rangi ya zamani. Vivyo hivyo, kupiga Windows aghalabu huandamana na kufomati, na data mpya ikiandikwa juu ya ile ya zamani, ya zamani hairejesheki. Mteja anayejibu "sawa, piga" huenda ameidhinisha kufutwa kwa kazi yake bila kujua.

Kauli iliyo salama zaidi kwa fundi ni hii: "Inawaka, lakini haianzi. Naomba unakili kwanza data zangu kwenye diski ya nje. Usifomati kabla sijazifungua na kuzikagua." Kauli hiyo inataja hali, inaamuru kuokoa, na inaweka sharti kabla ya kutengeneza. Ni vyema ikaandikwa pia kwenye karatasi inayobaki na kompyuta.