Mbegu Iliyojua Kuita Nyigu

Miaka mingi iliyopita nilifundisha somo la baiolojia katika shule moja ya bonde la Lambwe. Jirani yangu alikuwa mama mzee aliyetundika mahindi ya mbegu juu ya meko yapate moshi, na ambaye katu hakutaka mbegu chotara za dukani. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, haya yangu funza hawayawezi sana." Nilicheka. Kesho yake nilimtaja darasani kuwa mfano wa watu wanaoukimbia ustaarabu, nao wanafunzi wakacheka pamoja nami.

Leo naona haya kuikumbuka siku hiyo, na sababu yake ningependa walimu wenzangu waisikie.

Karibu na bonde hilo, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kipo kituo cha utafiti cha Mbita Point cha shirika la ICIPE, lililoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, walichunguza kwa muda mrefu nondo ambaye mabuu yake hutoboa mabua ya mahindi. Mwaka wa 2012 walichapisha matokeo kuhusu aina mbili za mahindi ya kienyeji ziitwazo Nyamula na Jowi. (Jowi ni nyati kwa Kijaluo, na sidhani jina hilo lilitolewa ovyo.) Nondo anapotaga mayai juu ya jani, mimea hiyo hubadilisha harufu yake. Harufu hiyo huwavuta nyigu wadogo mno ambao hutaga mayai yao ndani ya mabuu na kuyaua. Tazama ajabu hii: mmea unaita walinzi kabla adui hajaanguliwa! Mahindi chotara yaliyopimwa katika uchunguzi wa namna hiyo hayakuita mtu.

Hapa ndipo somo la urithi linapopata uhai. Uwezo wa kutoa harufu hurithiwa kupitia jeni, kama vile rangi ya punje inavyorithiwa. Lakini punje huonekana kwa macho, harufu haionekani. Mtaalamu anayechagua mimea kwa wingi wa mavuno tu, tena katika shamba linalonyunyiziwa dawa, anaweza kuitupa jeni ya ulinzi bila kujua kwamba aliwahi kuwa nayo. Marekani yametukia yaliyo karibu na haya. Mahindi mengi ya huko hayatoi tena harufu moja ambayo mizizi ikitafunwa huita minyoo midogo inayoua wadudu waharibifu. Jeni yenyewe imo bado ndani ya mimea hiyo, ila imenyamaza.

Sisemi kwamba mahindi ya kienyeji hayaliwi, huliwa. Wala siwashauri wakulima waache chotara, kwa maana njaa haingoji nadharia. Lakini tangu viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waingie Kenya mwaka wa 2017, tunahitaji kila silaha, nasi twaendelea kuzipoteza kimyakimya. Kwa nini kila shule ya sekondari isitenge kipande cha bustani kwa mbegu za wazee? Wanafunzi wajue pia kwamba chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo, hivyo bustani hiyo iwe mbali na chotara mita mia kadhaa, au ipandwe kwa wakati tofauti, la sivyo mbegu itachanganyika baada ya msimu mmoja.

Nilirudi Lambwe mwaka juzi nikitaka kuomba punje chache. Yule mama alikuwa ameshafariki. Mkaza mwanawe, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinikaribisha vizuri. Nilipouliza habari za mahindi ya mekoni, aliniambia kwamba baada ya matanga waliyachemsha wakala, kwani hakuna aliyeona haja ya kuyapanda. "Wewe mwenyewe ulitufundisha, Mwalimu," akasema.