Mzigo wa Mpanda Mlima (2): Sufuria Isiyo na Mikono

Juma lililopita tulilitazama begi. Leo tulifungue, tuitoe sufuria.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Beba wako mwenyewe kutoka Lushoto hadi Mtae, siku kadhaa za kupanda na kushuka milima ya Usambara, ndipo utajua gramu 300 ni kitu gani.

Sufuria za safari hutengenezwa kwa metali tatu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma kisichoshika kutu ina karibu gramu 8, titani 4.5, alumini 2.7. Wengi huisifu titani, kwa kuwa ni imara na hufuliwa ikawa nyembamba sana. Lakini joto halisambai ndani yake. Alumini hulipitisha mara kumi zaidi. Titani itakuchemshia maji ya chai vizuri, ila wali utaungua katikati na kubaki mbichi pembeni. Sisi walaji wa wali na ugali tusiidharau sufuria yetu ya sokoni, ambayo tangu kiwandani haina mikono ya kuongeza uzito.

Chagua ya lita moja kwa mtu mmoja, lita moja na nusu kwa wawili. Iwe pana kuliko ndefu, ili kitako kipokee moto wote.

Kisha irekebishe. Weka kipande cha mbao ndani, toboa kwa msumari matundu mawili yanayotazamana, chini kidogo ya ukingo. Sugua ncha kwa msasa, upitishe waya wa chuma kisichoshika kutu uwe mkono wa kuning'inizia. Waya wa mabati uache: zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Mfuniko mzito nao ubaki nyumbani. Kunja karatasi ya foili mara tatu, uibane kwenye ukingo. Lakini usipike bila kufunika. Pale kwenye kibanda cha Kibo, Kilimanjaro, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Chakula huchelewa kuiva, na mvuke unaotoroka ni gesi uliyoipandisha kwa mgongo wako.

Kabla ya kununua chombo cha bei kubwa, weka sufuria ya jikoni kwako kwenye mizani. Huenda sufuria ya safari tayari unayo. Juma lijalo: majiko.